Nguo ya Watu Wawili

Jambo la kwanza ambalo mtu hulitambua kwa mwanamke huyu ni jinsi anavyotembea. Hatembei katikati ya njia. Huambaa na ukingo wake, mfuko wa kitambaa begani, na upande wake wa kushoto huacha nafasi ya kumtosha mtu mzima. Njia ikibana, husimama kidogo kana kwamba anampisha mwenzake atangulie, kisha naye hufuata. Asiyemjua hugeuka kumtafuta huyo mwenzake. Hayupo. Watu wa mtaani wamekwisha zoea, wala hawageuki tena. Wao humwita Shingo Mbili, kwa sababu ya nguo anazoshona, na kila asubuhi fundi wa simu mwenye kibanda jirani na duka lake humpigia kelele kabla hajatia ufunguo kwenye kufuli.

"Shingo Mbili! Leo mwenzio umemwacha wapi?"

"Nimemtuma sokoni."

"Mwambie akirudi aniletee sigara."

"Thubutu! Yule ana adabu zake, hapelekeki kama wewe."

Hucheka wote wawili. Kisha yeye huingia ndani, hufungua dirisha, na kicheko huishia hapo. Huenda mpaka saa za mchana asisikie tena sauti ya mtu ikimsemesha.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia kuna kitanda, jiko dogo na beseni. Mbele kuna cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi, kiti kimoja cha wateja, na ukutani kitambaa cheupe kilichonyoshwa na kupigiliwa misumari, ambacho watu husimama mbele yake kupigwa picha. Kisha kuna zile nguo. Zinaning'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta: mashati, magauni, hata koti moja la mvua, na kila moja lina shingo mbili. Ni nguo za kuvaliwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Upande wa kulia una mkono mmoja, upande wa kushoto una mkono mmoja, na katikati hakuna mikono kabisa, kwa hiyo wavaaji hubaki na mkono mmoja mmoja uliojificha ndani. Mikono hiyo hufanya nini humo ndani, wanajua wenyewe.

Hakuzaliwa na mambo haya. Alizaliwa na cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na wanawe wawili wa kike aliwafundisha kazi kabla hata miguu yao haijafika kwenye kanyagio. Jinsi walivyofanya ilikuwa hivi: dada mkubwa aliketi juu ya kigoda akiongoza kitambaa chini ya sindano, na mdogo alijikunyata chini ya meza akisukuma kanyagio kwa mikono. Kule chini hakuona chochote isipokuwa miguu ya dada yake. Aliisikia tu sauti kutoka juu.

"Twende, Kitufe! Twende! Pole pole, kuna kona. Simama! Nimesema simama, unataka kunishona vidole?"

Kitufe ndilo jina alilobandikwa na dada yake, kwa kuwa alikuwa mfupi na wa mviringo. Kwa namna hiyo, watoto wawili walikuwa fundi mmoja. Mteja alipouliza ni nani kashona, mama alijibu, "Hawa," bila kubagua.

Walipokua walirithi duka, wakawa wanashona sare za shule. Hapo waligawana kazi upya. Mdogo alikuwa na kasi, hivyo yeye alishona. Ili asipoteze muda kukata uzi kila mara, aliyashona mashati moja baada ya jingine bila kusimama, na yale yaliyofuatana aliyaunganisha kwa uzi mweupe mrefu-mrefu, uzi wa kushikiza tu. Mnyororo wa mashati uliteremka mezani na kujikunja sakafuni kama nyoka. Dada mkubwa, ambaye hakuwa na haraka ila alikuwa na jicho, aliupokea mnyororo ule mwisho wake. Popote alipoona uzi mweupe alikata, akapinda pindo, akaweka vifungo, akapiga pasi. Hawakuwa na haja ya kuambizana. Uzi mweupe ulisema, "Hapa kata." Miaka ikaenda hivyo, mmoja akiunga na mwingine akitenga, redio ikiimba katikati yao.

Kisha dada akaolewa na dereva wa malori, akahamia mji wa mbali. Mdogo naye aliolewa, lakini ndoa yake haikukaa. Mumewe alisafiri kutafuta kazi, na kazi ikapatikana huko huko pamoja na mke mwingine. Mama akafariki. Baada ya maziko, dada alikaa wiki moja, akamkumbatia mdogo wake mlangoni mwa duka, akapanda basi, na tangu siku ile hawajaonana. Si kwamba waligombana. Laiti wangegombana, pengine mmoja angefunga safari kwenda kuomba radhi. Hawakuwa na la kuombana radhi, basi hakuna aliyesafiri. Shemeji alipatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja, na dada akawa hatoki nyumbani. Walizungumza kwa simu: mvua, kifua, dawa za shemeji, haya kwaheri. Maongezi yao yakawa mafupi kama ya watu wanaopishana mlangoni.

Siku hizo sare zilizoshonwa viwandani zilikuwa zimekwisha jaa madukani, na wateja wa duka wakapukutika. Mpiga picha wa mtaa wa pili alipofunga studio yake, mwanamke yule alinunua kamera yake na mashine ya kutolea picha, akaning'iniza kile kitambaa cheupe, akaanza kupiga picha za pasipoti. Kwa vile picha za namna hiyo hutaka mtu aonekane nadhifu, na wengi walifika na fulana zilizochoka, alishona koti moja jeusi la kuazimisha. Kila aliyefika alilivaa, akapigwa picha, akalivua, akaenda zake. Mtaa mzima una picha na koti lile lile.

Siku moja wakaja wanaume wawili kwa pamoja, wanahema. Walikutana kwenye foleni ya ofisi fulani, kila mmoja akirudishwa kwa sababu picha zake hazifai, na ofisi ilikuwa karibu kufungwa. Wote wawili wakaling'ang'ania koti.

"Nimefika kwanza, mzee."

"Kwanza wapi? Mguu wangu ulitangulia kizingitini."

"Basi livaeni wote," akasema yeye kwa mzaha, akiitayarisha kamera.

Nao kwa mzaha wakalivaa kweli. Huyu akatia mkono wa kulia, yule wa kushoto, mabega yakagongana, wakaangua kicheko. Akabonyeza kamera. Baadaye akawapiga picha zao moja moja, wakaondoka pamoja wakizungumza, hawakumbuki tena ni nani aliyefika kwanza. Aliwasindikiza kwa macho mpaka wakapinda kona. Jioni ile aliitoa ile picha ya mzaha, akaiegemeza kwenye cherehani, akala huku anaitazama. Ilimkaa rohoni. Watu wasiojuana asubuhi walikuwa wamefanana kwa sababu ya nguo moja tu.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Shati la kwanza la shingo mbili alilishona kwa mabaki ya kitambaa cha sare, akalipeleka sokoni, akasimama langoni nalo mkononi kama mtu anayeuza kitu asichokijua jina. Wakamcheka mpaka mbavu zikawauma.

"Mama, fundi wa nguo hii alikuwa amelewa?"

"Fundi ni mimi, na sijalewa. Natafuta wawili wa kulivaa. Mwende mpaka bombani na kurudi. Basi."

"Tukilivaa tunapata nini?"

"Picha."

Akajitokeza muuza ndoo za plastiki, mwanamke mwenye sauti ya kengele. Akajitokeza na mchukuzi wa mizigo, ambaye kila asubuhi aligombana na mwanamke huyo kwa sababu ndoo zake huziba njia ya mkokoteni. Soko zima likapiga vigelegele. Wakavaa. Hatua za kwanza zilikuwa balaa, huyu anavuta huku, yule kule. Walipofika bombani walikuwa wamekwisha gundua kwamba lazima mmoja ahesabu na mwingine afuate. Walirudi wakitembea sawasawa.

"Huyu mama ana hatua ndefu kama askari," akalalamika mchukuzi.

"Na wewe unatembea umeinama utadhani una gunia mgongoni! Nyoosha mgongo, baba, leo hujabeba kitu."

Akawapiga picha. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililoifanya kazi yake iwe kazi yake. Aliitoa ile picha kwenye karatasi ya kuhamishia, akaibandika kwa pasi juu ya kitambaa cheupe, na kitambaa hicho akakifanya bitana ya shati lililofuata. Waliovaa shati la pili wakawabeba mgongoni wale wa kwanza. Picha ya wa pili ikawa bitana ya gauni la tatu. Kila alipomvalisha mtu alimwambia kwa upole, "Taratibu, mna watu mgongoni." Alikwenda nazo kituo cha mabasi, kwenye baraza la zahanati, nje ya kiwanda zamu zinapobadilishana. Akawavalisha mkwe na mama mkwe, wapiga rangi waliogombania ngazi, mwalimu mkuu na mpishi wake wa shule. Alikuwa na masharti mawili: msikimbie, na msivue mpaka mmerudi.

Lakini kuna sehemu ya kazi hii ambayo watu hawakuiona. Wakisha kuvua, wavaaji huondoka pamoja. Hata walioingia ndani ya nguo wakinuniana huondoka wakitaniana. Yeye hubaki amesimama pale pale na nguo mkononi, ikiwa bado ina joto la watu wawili. Huikunja polepole, si kwa sababu kitambaa kinahitaji upole huo, bali kwa sababu joto hupotea upesi. Hakuna aliyewahi kumwuliza, "Na wewe je?" Wala hakuwalaumu. Ni lazima mtu mmoja ashike kamera.

Aliyemwuliza alikuwa mwalimu wa chuo, mtu mrefu mwenye miwani, ambaye alifika dukani kupunguza suruali. Aliitazama ile kamba yenye nguo akasahau suruali yake. Akauliza maswali kwa saa nzima. Mwisho akasema kwamba kazi ile ni sanaa: ushonaji, upigaji picha na maonyesho ya watu wenyewe, vyote ndani ya kitu kimoja.

"Mimi nashona tu, mwalimu," akajibu yeye, "na nikisha kushona nawasumbua watu."

"Ndiyo. Wasumbue na wengine. Chuo kina ukumbi mkubwa, nitauomba."

Ukumbi ukapatikana. Siku ikapangwa. Mwalimu alirudi dukani kuzipanga picha, akazitandaza mezani zote, akaanza kuzipekua tena na tena kama mtu aliyepoteza kitu.

"Wewe uko katika ipi?"

"Mimi?"

"Sikuoni popote."

Akacheka kidogo. "Sasa nani angepiga?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Basi siku ya ufunguzi uanze wewe. Nguo ya mwisho, uivae wewe na mtu. Wageni wawaone mkiivaa na kutembea, mimi nitashika kamera. Nani utavaa naye?"

"Dada yangu," akasema.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri, na lilipokwisha toka hakutaka tena kulirudisha. Mwalimu alipokwenda, yeye alirudi kwenye kigoda chake. Hakumwambia dada yake hata siku moja juu ya nguo hizi. Alijua angechekwa. Dada yake ni mtu ambaye kola ikipinda kidogo tu hapati usingizi, sasa shingo mbili angeziweka wapi? Ila sasa alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kwa nguvu iliyomshangaza: aingie ndani ya nguo na dada yake, watembee.

Aliishona nguo hiyo kwa mwezi mzima. Kitambaa alichagua cha bluu, kizuri, kisichokunjamana. Bitana aliifanya pana, kipande kimoja kutoka upande hadi upande, na juu yake, katikati, akahamishia picha za jozi zote tangu mwanzo, moja chini ya nyingine, wale wa sokoni, wale wa kiwandani, wote, wamesimama wawili wawili. Tatizo likawa vipimo. Vya kwake alivijua. Vya dada yake alivyovijua ni vya zamani, vya msichana mwembamba aliyekuwa akipita katikati ya mageti yaliyofungwa. Huko aliko sasa amenenepa au amekonda? Akaona njia ya busara ni kuiacha katikati ya nguo bila mshono wa kudumu. Akaishikiza tu kwa mkono, kuanzia kati ya shingo mbili hadi kwenye pindo, mbele na nyuma, bitana na yote, ili dada akisha kujaribu upande wake yeye aweze kuongeza au kupunguza. Akaifunga kwenye karatasi, akampa kondakta wa basi, kisha akapiga simu.

"Dada, nimekutumia kitu nilichokishona. Kijaribu, uone kama kinakutosha, kisha unirudishie."

"Umenishonea nguo, Kitufe? Mimi mzee huyu!"

"Kijaribu tu. Nitakueleza."

"Haya, haya. Ngoja nimgeuze shemeji yako, atapata vidonda."

Hakueleza. Alijipa moyo kwamba dada akiiona nguo yenyewe, atauliza, na hapo ndipo atamsimulia.

Kifurushi kilirudi siku chache kabla ya ufunguzi. Kilikuwa chembamba. Alikifungua juu ya meza ya kukatia, akatoa shati. Lilikuwa shati moja, la shingo moja, lililopigwa pasi mpaka likang'aa, pindo limepindwa kwa ule mkono wa dada asioweza kuukosea. Ule upande ambao haukuwa na mkono sasa una mkono, wa kitambaa cha kijani. Alilitazama asielewe. Akaligeuza ndani. Bitana ilikuwa imekatwa kwa mkasi mkali, mstari ulionyooka, na mstari ule ulikuwa umepita katikati ya kila picha. Muuza ndoo alikuwa peke yake. Mpiga rangi mmoja alikuwa ameshika ngazi peke yake. Mama mkwe alikuwa anacheka, ameinamisha kichwa kando, na pale alipoinamia hapakuwa na mtu. Wote walibaki na bega moja la mtu mwingine, au kidole, au hawakubaki na kitu.

Akaketi. Ndipo akakumbuka alishikiza kwa uzi gani. Alichukua uliokuwa karibu, mweupe, mrefu-mrefu, kama alivyofanya maisha yake yote. Na dada yake, kama alivyofanya maisha yake yote, alipouona akakata.

Alipiga simu. Dada akapokea kwa furaha tele.

"Kitufe! Nilikuwa nakuwaza. Hili langu nimelivaa hapa, limenikaa kama nimezaliwa nalo. Mpaka shemeji yako kalisifia, na yeye siku hizi akisema neno moja ni sherehe. Ila mdogo wangu, kitambaa kilikuishia? Umesahau mikono miwili! Nimeitia ya kijani, ndicho nilichokuwa nacho. Haikukukera?"

"Haikunikera, dada."

"Na hao watu kwenye bitana ni kina nani? Nilijua ni fasheni mpya, lakini kila nikilivua wananikodolea macho."

Hapo alivuta kamasi. Upande wa pili sauti ya dada ikashuka.

"Kitufe, unalia?"

"Hapana."

"Unalia. Nimekosea nini?"

Akamweleza. Alianzia kwenye koti jeusi, akaja kwenye soko, akaja kwenye mwalimu wa chuo na siku ya ufunguzi. Alisema kwa haraka, kama mtu anayeogopa simu itakatika. Alipomaliza kikasikika kicheko kidogo kinachozuiwa.

"Mchukuzi na muuza ndoo ndani ya shati moja?"

"Ndiyo."

"Mbele za watu? Na wakatembea?"

"Mpaka bombani."

Dada akaangua kicheko, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha ghafla. "Mbona hukuniambia?"

"Nilijua utacheka."

"Si nimecheka? Imekuua? Ungeniambia ningecheka, nikimaliza kucheka ningekupa vipimo. Sasa angalia, nimekukatia kazi yako kama mjinga."

"Si wewe, dada. Ni ule uzi."

"Ule uzi," dada akakubali. "Na hiyo nguo ulitaka uivae na mimi?"

"Na wewe."

"Mimi siwezi kusafiri, mdogo wangu. Nani atamgeuza shemeji yako? Mtu mzima yule, si mtoto wa kumwachia jirani." Akashusha pumzi. "Nitaona. Usiniwekee tumaini, lakini nitaona."

Mwalimu wa chuo aliposikia alishika tama. Akatoa mawazo yake upesi upesi: ishonwe nyingine, au avae na katibu wa idara, mtu mchangamfu, hana neno. Yeye akatikisa kichwa kwa kila wazo.

"Nikivaa na katibu wako nitakuwa nimevaa nguo tu, mwalimu."

"Na dada yako asipokuja?"

"Nitavaa nusu yangu."

Alisema hivyo bila kunyanyua macho. Lakini alikuwa amekwisha pata wazo, na alimweleza. Hatalitengeneza lile shati, wala hatauondoa mkono wa kijani. Atafumua mshono wa ubavuni mwake tu, kutoka kwapani hadi kwenye pindo, na dada akija watafumua wa kwake pia. Kisha wataketi mbele ya watu, mashati yakiwa mwilini, na kila mgeni atakayetaka atapita na kupiga mshono mmoja, mpaka nguo iungane. Waliokatwa kwenye bitana watashonwa humo humo. Mwalimu akasema kwamba viti vitahitaji kusogezwa.

Jana simu ililia akiwa amepiga magoti anafagia. "Nimempata binti wa binamu wa shemeji yako, ni muuguzi, amekubali kukaa naye siku mbili," dada alisema kwa sauti ya mtu anayetoroka. "Napanda basi la asubuhi. Usinipigie, simu yangu haishiki chaji. Kitufe, nije na mkasi wangu?"

"Njoo na sindano," akajibu. "Mkasi uache huko huko."

Leo mchana ukumbi wa chuo umejaa kuliko ilivyotarajiwa. Nguo zinaning'inia kutoka darini, na watu wanapita katikati yake wakizigeuza bitana. Muuza ndoo amekuja na shoga zake wa sokoni, anawaonyesha picha yake kwenye bitana. Mchukuzi amenyoa ndevu. Fundi wa simu amefunga kibanda, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na amesimama pembeni bila utani wowote mdomoni. Mbele kuna viti viwili na meza ndogo yenye sindano zilizokwisha tungwa uzi. Yeye ameketi kwenye kimoja, amevaa shati la bluu lenye mkono mmoja wa kijani, ubavu wa kushoto uko wazi na upepo unauingia.

Mwalimu alimjia, kamera shingoni.

"Wageni wameuliza. Tuanze na hotuba?"

"Tungoje kidogo, mwalimu."

"Basi lilitakiwa kufika saa ngapi?"

"Lilitakiwa limeshafika."

Mwalimu akaenda kuwaomba watu wawe na subira. Mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye kofia kubwa, ambaye alikuwa amewasikia, akasogea.

"Huyo dada yako anafananaje, mama, nipate kumtambua?"

Akafungua kinywa kusema ni mrefu, mwembamba, ana nywele nyeusi tii. Akakifunga. Yule alikuwa dada wa zamani. Wa leo hakumjua sura.

"Amevaa shati kama hili," akasema. "Ila mkono wake wa kijani ni wa kulia."

Mzee alilitazama shati kwa makini, akageuza mkono wake mwenyewe mara mbili ili akumbuke kulia ni wapi, akatoka nje. Walimwona kupitia mlangoni akivuka uwanja hadi barabarani, akakinga macho kwa kiganja. Akasimama hapo. Magari yakapita. Wageni wakakohoa, wakasogeza viti. Mtu akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Kisha yule mzee akanyanyua kofia yake juu na kuipunga, akapaza sauti kutoka kule kule barabarani:

"Basi limesimama! Wanateremka!"

Ukumbi mzima ukageukia mlangoni. Yeye akachukua sindano moja mezani, akainuka.